Kuandaa shindano la bunduki la vitendo: kuanzia uwanja mtupu hadi jedwali la alama

Shindano la bunduki la vitendo si ule ulengaji wa kulala mahali pamoja na kupiga duara lilelile mpaka jioni. Hapa mtu anakimbia, anapiga goti, anaegemeza bunduki juu ya pipa au kwenye tundu la ubao, anabadilisha magazini, anasoma upepo kwa kutazama majani, na muda wote huo saa inamhesabia.

Nimeshiriki kama mpigaji, nimesimama kama mwamuzi, na nimewahi kubeba jukumu lote la uandaaji. Katika nafasi zote tatu nimeona jambo lilelile. Watu hawaondoki na kinyongo kwa sababu shabaha zilikuwa ngumu. Wanaondoka na kinyongo kwa sababu walikaa foleni saa nzima juani, au kwa sababu kundi la asubuhi liliruhusiwa kufanya kitu ambacho kundi la mchana lilikatazwa. Ukiacha usalama, ambao haujadiliwi, kazi kubwa ya mwandaaji ni kupambana na hayo mawili: foleni na ubishi. Yote mawili huzaliwa mezani, wiki kadhaa kabla ya risasi ya kwanza, na mezani ndiko yanakopaswa kutibiwa.

Anza na alama, si na shabaha

Wengi huanza kwa kuchora vituo vya kufyatulia vya kupendeza kisha ndipo wanajiuliza alama zitahesabiwaje. Anza kinyume chake, kwa sababu mfumo wa alama ndio unaoamua shabaha za aina gani ununue, waamuzi wangapi uwatafute na kituo kichukue muda gani.

Kuna mila mbili kubwa. Ya kwanza ni ya IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo lililoundwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza. Lilianzia kwenye bastola, kisha likapanuka hadi bunduki ya marisau na raifo; mashindano yake ya kwanza ya dunia ya raifo yalifanyika Urusi mwaka 2017. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini yanayobeba falsafa yote: usahihi, nguvu, kasi. Kwenye shabaha ya karatasi, eneo la A, lile la katikati, lina alama 5. Eneo la C lina 4 kwa anayetumia risasi ya nguvu kubwa na 3 kwa mwenye ya nguvu ndogo, na eneo la D lina 2 au 1. Kukosa kabisa kunakatwa 10. Jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Aliyepata alama 90 kwa sekunde 30 ana 3.00, aliyepata 84 kwa sekunde 25 ana 3.36 na amemshinda, ingawa risasi zake zilitawanyika zaidi.

Mila ya pili ni ya masafa marefu na mabamba ya chuma, ambayo ilipata sura yake ya sasa kupitia PRS, mfululizo wa mashindano ya raifo za usahihi ulioanza Marekani mwaka 2012. Hapa hakuna kugawanya. Umegonga bamba, una alama, umekosa, huna. Muda ni ukuta tu: mara nyingi sekunde 90 au 120, na ukiisha umekwisha.

Kwa anayeandaa kwa mara ya kwanza ningependekeza hii ya pili, hata kama moyo unapenda mbio za IPSC. Ina watu wachache wanaokimbia na bunduki yenye risasi, hesabu yake inaweza kufanyika kwa kalamu na karatasi, na anayeanza anaielewa kwa sentensi moja. Usichanganye mifumo miwili ndani ya siku moja. Niliwahi kushuhudia hilo, na mpaka jioni hakuna aliyejua mshindi ni nani, hata aliyetangazwa.

Tembea uwanja kwa miguu yako

Kibali cha mamlaka na cha mwenye ardhi kipatikane kwa maandishi kabla hujatangaza tarehe. Baada ya hapo nenda uwanjani ukiwa na kamba, vigingi, dira na kifaa cha kupimia masafa, bila bunduki.

Simama kila mahali ambapo mpigaji atafyatulia, kwa mkao atakaotumia. Akilala kifudifudi, lala. Akipanda juu ya jukwaa, panda. Kisha jiulize: risasi ikipita juu ya shabaha, inakwenda wapi? Ikigonga jiwe mbele ya shabaha na kuruka, inakwenda wapi? Risasi ya raifo ya kawaida ya milimita 7.62 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, na hata ile ndogo ya .22 inavuka kilomita 1. Kwa hiyo jibu la "kule hakuna watu" halitoshi. Jibu linalokubalika ni tuta la udongo au mlima ulio nyuma ya shabaha, mrefu kiasi kwamba hata mtu aliyeteleza anaupiga. Jukwaa lililoinuliwa mita mbili linabadilisha kabisa pembe, na tuta lililokuwa linatosha kwa aliyelala linaweza kuwa fupi kwa aliyepanda.

Angalia pia jua. Kituo kinachotazama mashariki asubuhi kitawapofusha watu wa kwanza, na wa mchana watapata picha safi. Hilo si shindano tena, ni bahati nasibu. Kama huwezi kugeuza uwanja, geuza ratiba: kituo hicho kianze kutumika saa nne.

Hesabu ya foleni

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Chukua washiriki 60. Wagawe makundi 6 ya watu 10, na uwe na vituo 6, ili kila kundi liwe na mahali pa kuwa wakati wote. Mpigaji mmoja anatumia dakika 2 za kufyatua. Kukaguliwa, kuondoka, kuandika alama na mwingine kusogea ni dakika 2 nyingine. Hiyo ni dakika 4 kwa mtu, dakika 40 kwa kundi. Ongeza dakika 5 za maelezo na 10 za kupaka mabamba rangi na kuhama. Jumla ni dakika 55 kwa kituo, mara 6, saa tano na nusu. Siku inatosha.

Sasa chukua kituo kimoja tu kati ya hivyo sita kinachohitaji dakika 6 kwa mtu badala ya 4, labda kwa sababu shabaha za karatasi zinahitaji kufuatwa na kuzibwa matundu. Kituo hicho kinakula dakika 75. Vingine vitano vikimaliza kwa 55, haviwezi kuhama, kwa sababu kundi lililo mbele bado limekaa. Kila mzunguko unangoja dakika 75. Siku yako imekuwa saa saba na nusu. Dakika 2 kwa mtu mmoja, kwenye kituo kimoja, zimeiba saa mbili za watu sitini.

Kwa hiyo mwendo wa shindano lote ni mwendo wa kituo chake cha polepole zaidi. Kitafute mapema, ukitibu kwa moja ya njia hizi: punguza risasi, punguza umbali wa kwenda kukagua, badilisha karatasi kuwa chuma, au mwongezee mwamuzi msaidizi ambaye kazi yake ni moja tu, kuhakikisha mpigaji anayefuata amekwisha kusimama na vifaa vyake wakati aliyeko mbele bado anafyatua. Huyo msaidizi ana thamani kuliko kituo kizima kipya. Ukiwa na watu wa kujitolea wachache, ni afadhali vituo vitano vinavyokwenda kuliko vinane vinavyokwama.

Mpangilio ndani ya kundi nao uwe wa haki. Anayepiga wa kwanza hana wa kumsomea upepo. Wa mwisho ameona tisa wakikosa upande wa kushoto na tayari anajua jibu. Tumia orodha moja, lakini kila kituo kianze majina mawili chini zaidi: kituo cha kwanza anaanza namba 1, cha pili namba 3, cha tatu namba 5. Ni jambo dogo, na washiriki huliona mara moja.

Kila kituo kiulize swali moja

Kabla ya kuchora, andika swali. Je, unaweza kujenga mkao thabiti juu ya kitu kinachoyumba? Je, unaweza kubadilisha masafa manne kwenye darubini bila kupotea? Je, unaweza kupiga kwa bega usilolizoea? Kituo kinachouliza maswali matano kwa pamoja hakimpimi mtu, kinamchanganya, na mwisho wa siku hujui kwa nini alikosa.

Ukubwa wa shabaha upime kwa pembe, usiukadirie kwa macho. Miliradi 1 ni sentimita 10 kwa mita 100, na sentimita 50 kwa mita 500. Dakika 1 ya pembe ni karibu sentimita 2.9 kwa mita 100. Bamba la dakika 2 kwenye mita 500, basi, ni kama sentimita 29, upana wa sahani kubwa ya kulia. Kwa mtu aliyelala na mwenye mkono uliozoea, hilo linagongeka. Kwa mtu aliyeegemea ngazi na moyo unaomdunda baada ya kukimbia, ni shabaha ngumu mno. Kanuni yangu: mkao ukiwa mgumu, bamba liwe kubwa, mkao ukiwa rahisi, bamba linaweza kupungua. Ukifanya vyote viwili vigumu, utabaki na watu watatu wenye alama na hamsini na saba waliokuja kutazama.

Shabaha ya kwanza ya siku, popote kundi litakapoanzia, iwe na ukarimu. Mgeni akigonga chuma mara ya kwanza, ule mlio unaorudi baada ya sekunde moja na nusu unamtuliza kuliko maneno yako yote.

Kumbuka miili ni tofauti. Tundu la kufyatulia lililo kimo cha bega lako huenda ni kimo cha pua ya mwingine. Weka matundu mawili ya kimo tofauti na umwache mtu achague, au toa kibao cha kusimamia. Mjaribu mtu wa mkono wa kushoto kwenye kila kituo. Vizuizi vingi hutengenezwa na watu wa mkono wa kulia, na unagundua siku ya shindano kwamba nguzo inamziba wa kushoto asione shabaha ya tatu.

Na chochote watakachoegemea kisibadilike. Tulijenga kituo kimoja kwa matairi matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine na kujazwa mchanga. Asubuhi yalikuwa thabiti kama ukuta. Kufikia saa nane mchanga ulikuwa umeshuka, tairi la juu limelalia upande, na watu wa mwisho walipigania mkao ambao wa kwanza hawakuujua. Hawakulalamika kwa sauti, lakini niliona alama zao, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo kila kizuizi nakizungushia alama ya rangi ardhini kwenye miguu yake, nakipigilia vigingi, na mwamuzi anakipima kwa rula kila kundi linapobadilika. Mchanga unashindiliwa siku mbili kabla, unamwagiwa maji, unashindiliwa tena.

Maelezo yanayosomeka kwa namna moja tu

Ubishi mwingi huanzia kwenye karatasi. Hebu tazama maelezo haya, ya aina ninayokutana nayo kila mara:

"Ukisikia mlio, nenda kwenye kizuizi, piga shabaha tatu mara mbili kila moja ukitumia nafasi zote mbili. Risasi 6. Sekunde 90."

Yanaonekana safi. Lakini je, napiga ya kwanza mara mbili kisha nahamia ya pili, au nazunguka zote halafu narudia? Nikikosa narudia au naendelea? Lazima risasi tatu kila nafasi, au naweza kupiga tano juu na moja chini? Bunduki inaanzia wapi? Naruhusiwa kutumia stendi yangu ya miguu mitatu? Kila swali lisilojibiwa hapa litajibiwa na mwamuzi papo hapo, na atakayejibu saa tatu hatajibu vilevile saa tisa, akiwa amechoka na ana kiu.

Andika hivi (bolti ni komeo la bunduki, chemba ni sehemu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa):

"Mwanzo: umesimama, visigino vyote viwili nyuma ya mstari mweupe, bunduki mikononi, magazini imechomekwa, bolti imerudi nyuma, chemba tupu, mdomo wa bunduki unatazama tuta. Baada ya mlio: kutoka tundu la juu, piga shabaha ya kushoto, ya kati, ya kulia, risasi moja kila moja, ugonge au ukose. Rudisha bolti nyuma, hamia tundu la chini, rudia kwa mpangilio uleule. Risasi 6. Kila pigo alama 1. Kupiga nje ya mpangilio: risasi hiyo haina alama. Muda sekunde 90. Risasi inayofyatuliwa baada ya mlio wa mwisho haihesabiwi. Mfuko mmoja wa kuegemea unaruhusiwa. Stendi ya miguu mitatu hairuhusiwi."

Ni marefu zaidi, na yanaokoa saa nzima. Mpe mtu ambaye hakuwepo wakati wa kubuni, umwache asome mara moja, kisha akuonyeshe kwa bunduki tupu bila kuuliza. Akiuliza, karatasi haijakamilika. Maelezo yasomwe neno kwa neno kwa kila kundi, na yasiongezwe chumvi na mwamuzi. Jibu lolote jipya litakalotolewa kwa kundi moja liandikwe kwenye karatasi ileile na litangazwe kwa redio kwa vituo vyote.

Chuma

Tumia chuma kigumu kilichotengenezwa kwa ajili ya shabaha, cha ugumu wa takriban 500 kwa kipimo cha Brinell, unene wa milimita 10 hivi. Chuma laini cha mtaani hutobolewa au hubonyea, na kila shimo dogo ni kikombe kinachorudisha vipande vya risasi kule vilikotoka. Pitisha kiganja juu ya kila bamba kabla ya kulitundika. Likiwa na vishimo, liondoe, hata kama lilikuwa ghali.

Litundike likiinama kidogo mbele, ukingo wa juu ukimwelekea mpigaji, ili vipande vishuke ardhini. Kipande cha mkanda wa mpira mzito kinashika bamba vizuri zaidi ya mnyororo, ambao hukatika kwa risasi moja ya pembeni na kukusimamishia kituo. Kwa raifo mimi siweki bamba karibu zaidi ya mita 100. Risasi zenye kiini cha chuma zipigwe marufuku, na ukaguzi ni rahisi: sumaku mezani pa usajili. Sumaku ikinasa ncha ya risasi, iwekwe kando. Kuna risasi ambazo ni ganda la nje tu linalonasa sumaku, lakini ningezizuia zote, maana hakuna muda wa kukata kila moja.

Paka rangi nyeupe kati ya kundi na kundi. Kwenye masafa ambapo mlio unachelewa au upepo unaumeza, weka waangalizi wawili wenye darubini, au taa zinazowaka bamba likitikisika. Pigo lihesabiwe pale tu linapotamkwa kwa sauti na mwangalizi. Wawili wakitofautiana, aamue yule aliyeteuliwa tangu asubuhi kuwa na neno la mwisho.

Waamuzi, na sekunde kumi za chemba

Tafuta waamuzi kabla ya kufungua usajili. Kila kituo kinahitaji angalau wawili: mmoja macho yake hayaondoki kwenye bunduki, mwingine anaandika. Wakati wa kufyatua, mwamuzi wa bunduki haangalii shabaha. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu kila mtu anataka kuona kama imegonga.

Amri ziwe zilezile kila kituo, kwa maneno yaleyale: weka risasi, jiandae, uko tayari, subiri, kisha mlio. Mwishoni: kama umemaliza, toa risasi, onyesha chemba. Mwamuzi mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na tabia ninayoifundisha mpaka leo. Magazini ikishatoka na bolti ikiwa nyuma, hakutosheka kutupa jicho. Aliinama mpaka akaona mwanga ndani ya chemba, akaingiza ncha ya kidole kidogo, akasema "tupu" kwa sauti ambayo hata mwandishi alisikia, ndipo akaipachika bendera ya rangi kwenye chemba yeye mwenyewe. Sekunde kumi, kila mtu, kila mara, hata kwa bingwa.

Makosa ya kumwondoa mtu mashindanoni yaandikwe mapema na yasipunguzwe kwa huruma: kufyatua bila kukusudia, mdomo wa bunduki kupita digrii 90 kutoka mwelekeo wa tuta au kumwelekea mtu, kuhama kidole kikiwa kwenye kifyatuo, kuangusha bunduki yenye risasi. Anayeondolewa aelezwe kwa upole, faraghani, na abaki akitazama kama mgeni wetu. Aghalabu ni mtu mwema aliyepitiwa.

Waamuzi wapige shindano lote siku moja kabla. Wanapata haki yao ya kushindana, na wewe unapata jaribio kamili. Ile siku ndiyo utakayogundua kwamba sekunde 90 hazitoshi hata kwa hodari, au kwamba shabaha ya pili haionekani mtu akipiga goti kwa sababu ya nyasi. Chukua fyekeo.

Asubuhi yenyewe

Kikao cha usalama kwa wote, dakika 15 zisizozidi. Taja mambo haya bila mapambo: bunduki zote ziko tupu na zina bendera ya chemba isipokuwa kwenye mstari chini ya mwamuzi, vizibo vya masikio na miwani havivuliwi, neno "simama" likitamkwa na yeyote, hata mtoto, kila kidole kinatoka kwenye kifyatuo.

Kisha taja dharura kwa majina. Nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza, begi lenye mikanda ya kubana damu liko wapi, gari gani limeegeshwa likitazama barabara na funguo ziko kwa nani, hospitali ipi, nani atapiga simu na nani atasimama njia panda kuongoza gari la wagonjwa. Andika majiranukta ya uwanja kwenye kila ubao wa kituo, maana mtu akiwa na hofu hakumbuki jina la barabara. Maji na kivuli ni sehemu ya usalama pia. Mikono inayotetemeka kwa kiu inashika bunduki vibaya.

Alama na rufaa

Mpigaji aione alama yake, aikubali na kutia saini kabla ya kuondoka kituoni, iwe kwenye karatasi au kwenye tableti. Baada ya hapo haibadiliki, isipokuwa kwa kosa la kujumlisha. Hata ukitumia programu kama PractiScore, weka nakala ya karatasi, betri huisha.

Kwa mfumo wa kugawanya kwa muda, mshindi wa kituo hupewa alama zote za kituo na wengine sehemu yao. Kituo cha alama 160, mshindi akiwa na 3.36 anachukua 160, mwenye 3.00 anachukua 142.86. Kwa mfumo wa kugonga, lazima uwe na kituo cha kuvunja sare kilichotangazwa asubuhi, chenye muda uliopimwa kwa saa inayonasa mlio wa kila risasi.

Matokeo ya awali yabandikwe, na toa saa moja ya rufaa. Watu watatu wasio na maslahi waamue. Swali lao liwe moja: karatasi ya maelezo ilisema nini? Ikiwa karatasi ilikuwa na utata, mpigaji arudie kituo, na gharama ya utata ibebwe na mwandaaji. Shabaha ikianguka au kifaa kikiharibika katikati ya zamu, arudie pia, bila mabishano.

Kesho yake

Usiende kupumzika kwanza. Kaa na karatasi za alama wakati kumbukumbu bado mbichi, ujaze jedwali: kila kituo, kila shabaha, wangapi waligonga.

Shabaha iliyogongwa na karibu kila mtu haikutenganisha watu, na ile iliyogongwa na wawili nayo haikutenganisha. Zote mbili zilikula muda bila kusema lolote. Zinazofaa ni zile ambazo walio juu huzigonga mara nyingi, wa katikati nusu, na wa chini mara chache lakini si sifuri. Ukikuta shabaha ambayo wa katikati waliigonga kuliko wa juu, usifurahie maajabu. Kuna kitu kilibadilika, upepo au kizuizi au mwangalizi. Linganisha alama za kila kituo kwa saa. Kama makundi ya mchana yote yameshuka kwenye kituo kimoja tu, na vingine havikushuka, umepata tairi lako lililolala.

Kisha andika urefu halisi wa kila kituo kando ya ule uliokadiria, idadi ya waliorudia na sababu zake, na kila swali ambalo waamuzi waliulizwa. Maswali hayo ni dhahabu, kwa sababu kila moja linaonyesha sentensi iliyokosekana kwenye karatasi.

Zungumza na watu wawili hasa: aliyeshika nafasi ya mwisho, na aliyekuja mara ya kwanza. Bingwa atakwambia kilikuwa rahisi. Wa mwisho atakwambia ni wapi alipotea, na wapi aliona aibu kuuliza. Kwa ajili yake, mwakani tenga kundi moja la wageni lenye mwamuzi mvumilivu, na uwape sekunde 30 za ziada bila kuwashindanisha na wengine kwenye jedwali kuu.

Badilisha mambo matatu tu kwa shindano lijalo, usibadilishe kumi, la sivyo hutajua ni lipi lililosaidia. Yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Halafu rudi uwanjani na wale wachache wanaobaki kila mara, mwokote maganda, mhesabu mabamba, mlegeze nati zote zilizopakwa rangi kabla hazijashika kutu, na mfunge mifuko ya mchanga mahali pakavu.